UZI: Tulipanda mara mbili miche ikafa, mara ya tatu tukafuata maotea, miche inayojiotea yenyewe (Isecheno, Kakamega)

Mjukuu_wa_Shinyalu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Tangu Novemba 13, 2023, siku ile serikali ilipotupa mapumziko twende tukapande miti, nimesoma hapa nyuzi nyingi za watu wanaohesabu miche waliyoitia ardhini. Lengo la nchi ni miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila anayeinama na jembe namheshimu. Ila sijapata uzi unaosema miche ile iko wapi leo. Acha nianzishe wa kwetu. Ni mrefu, vumilieni.

Kwetu ni ukingoni mwa msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno. Kwa asiyeufahamu, huu ndio mkia wa mashariki wa ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo na Afrika Magharibi. Kenya hatuna mwingine wa aina yake. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na ramani inaonyesha kilomita za mraba kama 240. Lakini panda kilima cha Lirhanda asubuhi ukungu ukiwa umeondoka, uangalie mwenyewe. Nusu ya hizo 240 haifiki kuwa msitu wa asili. Utaona mashamba ya misipresi, utaona chai pembezoni, viwanja vya nyasi, na vichaka ambavyo huwezi kuviita shamba wala msitu.

Kipande chetu kilikuwa mojawapo ya vichaka hivyo, ekari mbili na kitu. Mama yangu anakumbuka kulikuwa na miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Ikakatwa, makaa yakachomwa, ng'ombe wakaingia, nyasi zikashika. Sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango kwa wananchi kuunda vyama vya jamii vya misitu, na ya 2016 ikaendeleza. Kupitia chama chetu na makubaliano na Huduma ya Misitu, kikundi chetu kikaruhusiwa kukitunza kipande hicho.

Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa mwaka 2020. Nilikuwa nimerudi nyumbani kazi ya Nairobi ilipokatika. Ofisi moja ikatuletea lori la miche, hema, viti na spika. Tuliambiwa ni miche ya asili, na tulipoishusha zaidi ya nusu ilikuwa mgrevilea, mti wa Australia. Tukapanda hivyo hivyo, picha zikapigwa, hema likakunjwa. Januari jua likawaka. Machi nilipita mstari kwa mstari, na iliyobaki hai ingebebeka kwenye toroli moja.

Mara ya pili tulijitayarisha. Kitalu chetu wenyewe, mbegu zetu za miti ya asili, mwiritsa na lusiola na mukumari, na tukapanda mvua ya masika ilipokolea. Miche haikufa kwa kiu. Ilifunikwa. Nyasi za huku mvua ikinyesha zinafika kifuani ndani ya miezi miwili, na mche wa futi moja ukishakosa jua unageuka njano, unalala. Uliosalia ng'ombe waliukanyaga. Wanakikundi wakaanza kupungua Jumamosi baada ya Jumamosi, na sikuwalaumu.

Nitaendelea, chakula kimeiva.

Nyar_Kajulu

Pole kaka. Hayo ya hema na spika sisi wa Kisumu tunayajua. Naweka kambi hapa.

Njoro_Mtoni

Endelea. Huku kwetu ni hadithi hiyo hiyo kando ya mto.

Mjukuu_wa_Shinyalu

Nimerudi.

Aliyetugeuza ni kukhu (bibi) mmoja, mama mkwe wa mwenzetu wa kikundi. Alikuwa akipita pale kutafuta mukombero, ule mzizi tunaoutafuna. Siku hiyo tulikuwa tunachimba mashimo mapya juani kwenye nyasi, kwa mstari, na kamba imevutwa. Akasimama akatutazama muda, akauliza: "Wanangu, mbona mnahangaika huku kweupe na msitu umeshaota kule?" Akatuonyesha fungu la mipera lililokuwa upande wa chini.

Tulikuwa tumelipita fungu lile mara mia. Mpera kwetu ni kichaka tu, ulikuja na wageni na ndege wakausambaza. Kukhu akainama akaingia chini yake, nasi nyuma yake kwa magoti. Ndani hamkuwa na nyasi hata moja. Kulikuwa na kivuli, majani makavu, na unyevu hata saa nane mchana. Akaanza kutenganisha majani kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mche wa kwanza ulikuwa na majani mawili yanayong'aa na kijikonyo chekundu. Akakwanyua kipande cha jani akanipa ninuse. Harufu ya lozi chungu. Mwiritsa. Hatua moja mbele, musutsu. Halafu mche mwembamba wenye miiba midogo kwenye shina, shikhuma, ule wa dawa ya kifua. Mahali pasipozidi mkeka mmoja alinitajia aina 11, na sita kati ya hizo sikuwa nimewahi kuzisikia jina.

Haya ndiyo maotea. Hakuna aliyeyapanda. Hondohondo na kima wanakula matunda ndani ya msitu, wanatoka nje kutafuta mapera, wanakaa kwenye matawi, na mbegu walizomeza zinaanguka pale pale zikiwa zimeshavuliwa nyama. Kwenye nyasi tupu hawatui, hakuna pa kushika. Baadaye niliambiwa na kijana mmoja mwongoza watalii kwamba watafiti walishalichunguza jambo hili kwenye mashamba yanayopakana na msitu wetu, wakakuta miche ya miti ya msituni ikijiotea chini ya mipera. Kukhu hakuhitaji utafiti. Alikuwa anaingia mle kila wiki kwa sababu alikuwa na haja nako.

Mfugaji_Khayega

Mimi niseme wazi bila kumkosea mtu. Mpera umemaliza malisho yetu. Ukiuachia kidogo unakula uwanja mzima. Na nyinyi wa vikundi mkishapewa kipande, kitu cha kwanza ni kutufukuzia ng'ombe. Tunalipa kibali cha kulisha kila mwezi, halafu tunaambiwa huku hapana, kule hapana. Msitu ni mzuri, lakini mtoto wangu anasomeshwa na maziwa.

Mjukuu_wa_Shinyalu

Mfugaji, umesema neno la haki, na lilituchukua miezi kulijibu.

Kuhusu mpera: hatuupandi, na hatuuachi utambae kwenye nyasi zenu. Tunatumia yale mafungu yaliyokuwepo. Mpera unapenda jua. Musutsu na lusiola zikiupita juu na kuufunika, unadhoofika wenyewe, na hapo ndipo tunaanza kuupunguza matawi kwa panga, upande mmoja kwanza, ili mche wa chini usishtuke na jua la ghafla. Tuliwahi kuufyeka wote kwa siku moja mahali fulani tukidhani tunasaidia. Wiki mbili nyasi zikawa zimeingia na maotea yote yakapotea. Lile kosa bado linaniuma.

Kuhusu ng'ombe: tulikaa kikao na wafugaji wanne wa karibu chini ya mti, bila ofisi yoyote. Mzee mmoja akatuambia, "Nyinyi mnalia nyasi ni nyingi, sisi tunalia nyasi ni chache. Tatizo liko wapi?" Tukatazamana. Tangu siku hiyo ng'ombe hawaingii kwenye kipande, ila wenye ng'ombe wanaingia na mundu. Kila otea limewekewa kijiti chenye kitambaa cheupe, mtu anakata nyasi kuzunguka kijiti anazipeleka zizini. Anapata lishe, mche unapata jua. Tulikuwa tunatafuta pesa za kulipia palizi, kumbe palizi ilikuwa na mtu anayeitaka.

Na tuliacha ushoroba upande wa juu ng'ombe wapite kwenda mtoni. Bila huo ushoroba wasingekubali, na wangekuwa na haki.

Mfugaji_Khayega

Hilo la mundu nalikubali. Vitambaa viwe vya rangi kali lakini, cheupe kikichafuka hakionekani.

Mjukuu_wa_Shinyalu

Kweli. Tumehamia vipande vya sare kuukuu za shule, zile nyekundu.

Kitalu_Malava

Salamu wote. Mimi nina kitalu Malava, miaka mingi sasa. Nikubaliane na mwanzisha uzi lakini niongeze: maotea peke yake hayatoshi kila mahali. Ndege huleta wanachokula. Kama mti mama umeshakatwa eneo lote, hakuna wa kuleta mbegu yake, hapo lazima mkono wa binadamu uingie. Watu wengi wanashindwa na miti ya asili kwa sababu wanaitendea kama sipresi.

Mwiritsa kwanza. Matunda yakiiva yanakolea zambarau karibu na weusi. Okota yaliyoanguka leo, si ya wiki jana. Yaloweke kwenye beseni usiku mmoja, asubuhi uyasugue nyama itoke, uoshe, uanike KIVULINI, kisha uyapande siku hizo hizo. Mbegu ya mwiritsa haitunziki. Ukiiweka kwenye gunia mpaka msimu ujao umeweka changarawe. Ikipandwa mbichi inachomoza baada ya wiki sita hivi, usikate tamaa wiki ya tatu ukamwaga udongo.

Lusiola ni rahisi. Ganda lake refu likianza kuwa kahawia livune kabla halijapasuka, kwa sababu mbegu zina mabawa, upepo ukija umekosa zote. Mti wa mutere ndio unaojaribu subira: kitalu kimoja, siku moja, mwingine unaota mapema na mwingine miezi baadaye.

Jambo ambalo watu hawaliamini ni udongo. Chukua ndoo moja ya udongo wa juu kutoka chini ya mti wa aina hiyo hiyo, kwa ruhusa, uchanganye na wa kitaluni. Miche yangu iliyopata udongo huo ina shingo nene kuliko iliyokosa. Na kabla ya kuipeleka shambani iondoe kivuli kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Mche uliolelewa gizani ukitupwa juani unaungua kama mtoto mchanga.

Tena tafadhali, mwiritsa ukishakua msiubandue gamba ukauzunguka wote. Kwa sababu ya biashara ya gamba lake la dawa ya tezi dume, mti huu umewekwa kwenye mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1995. Ukivuliwa gamba pande zote unakufa ukiwa umesimama.

Nyar_Kajulu

Mzee wa Malava, asante sana, hii naihifadhi.

Sasa swali langu kwa nyote. Sisi tuko milima ya Kajulu, juu ya Kisumu. Msitu hatuna wa kupakana nao. Kuna mawe, kuna mikaratusi ya watu, na kila mvua kubwa udongo unashuka mjini. Nikienda Nyakach kwa shangazi naona makorongo ya Katuk Odeyo, mtu anaweza kusimama ndani usimwone, na najua hivyo ndivyo kunavyoanza. Hondohondo watatoka wapi? Nianzie wapi?

Mjukuu_wa_Shinyalu

Dada, swali zuri, na nitalijibu, ila niruhusu kwanza nimalize la watoto kwa sababu jibu lako limo humo kidogo.

Mwaka wa kwanza wa maotea tuliita klabu ya 4K, ile ya kilimo, ya shule ya msingi iliyo karibu. Watoto 20 na kitu, wengi nyumba zao ziko mita mia tatu kutoka msituni. Nikauliza nani ameshaingia ndani. Mikono mitatu. Wengine wote walikuwa wameambiwa kuna askari, kuna nyoka, kuna watu wabaya. Msichana mmoja alisema bibi yake alishikwa na kuni, basi mama yake akamkataza hata kuusogelea. Fikirieni: mtoto wa Isukha, jamii yetu ya huku, analala akisikia mbega wakinguruma alfajiri, na hajawahi kumwona mbega.

Nilijifunza siku ile kwamba tulikuwa tunaponya kitu kimoja na kuacha kingine kidonda. Miaka mingi msitu ulilindwa kwa kuwaondoa watu. Ulipona mahali fulani, ni kweli, lakini kizazi kizima kikaujua kama ua wa mtu mwingine. Ua wa mtu mwingine ukiungua hukimbii na ndoo.

Kwa hiyo tulimwomba kukhu awe mwalimu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anaingia na watoto, polepole, na mlinzi wa msitu yupo nao, hana ukali wowote. Kila mtoto ana otea lake. Halina jina la mtoto, lina jina la mti, na mtoto lazima alijue kwa Kiisukha, aeleze linafaa nini na nani analila. Mwenye mwiritsa anajua kima wanautaka. Mwenye mukumari anajua nyuki wanayapenda maua yake meupe na mafundi wanaupenda mbao. Wanapima urefu kwa mkono: kiganja, kiwiko, bega. Yule msichana ambaye bibi yake alishikwa ana lusiola iliyompita kichwa sasa. Mara ya mwisho alimleta bibi yake mwenyewe aione. Yule mama alisimama mbele ya ule mti akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kuugusa.

Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia.

Njoro_Mtoni

Hapo umenigusa mzee. Mto wetu unaanzia Mau ya Mashariki unaishia Ziwa Nakuru, na katikati kila mtu anauchukulia kama bomba. Punda wanaingia majini na mapipa, kingo zimekanyagwa, hakuna mti. Juu kule miti ya asili, mutarakwa na mutamaiyo, bado ipo kwenye mabonde machache. Sijawahi kufikiria kuwapeleka watoto wa mjini Njoro wakaone mto wao unapozaliwa. Nitaongea na mwalimu wa kijana wangu Jumatatu.

Kitalu_Malava

Mkienda, okoteni mbegu za mutamaiyo njiani. Vunja ganda gumu la kokwa taratibu kabla ya kupanda, usiponde ya ndani.

Shemeji_wa_Kaimosi

Niongeze la wazee. Kwetu Tiriki kuna vichaka vya jando ambavyo hakuna aliyethubutu kuingia na shoka. Mashamba yote yamebadilika pembeni, mahindi, chai, mikaratusi, na vile vichaka vimesimama na miti yake ya zamani. Havikulindwa na senyenge wala askari. Vililindwa kwa sababu kila mwanamume wa pale ana jambo lililompata ndani yake. Nyar Kajulu, uliza wazee wenu. Karibu kila kijiji kina mti mmoja ambao haukatwi. Huo ndio mama wa mbegu zako.

Mjukuu_wa_Shinyalu

Shemeji, ahsante, umenifupishia jibu.

Dada wa Kajulu. Pasipo na msitu karibu, usianze na miche elfu. Anza na pa ndege kutua. Mkuyu, ule mnaouita ng'owo, unaota kwa kijiti. Kata tawi nene kama mkono, urefu wako mwenyewe, uliache kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha uchimbie futi moja na nusu mvua inapoanza. Panda mitano au sita imetawanyika, kwa mafungu, usiipange mstari. Ukianza kuzaa, ndege watakuja hata kama si hondohondo: kwezi, njiwa, tetere. Popo pia, na popo wanabeba mbegu mbali usiku. Chini ya hiyo mikuyu utaona maotea ambayo hukuyatarajia. Pembeni weka siala, ndiyo lusiola yetu, inavumilia mawe na watu wanaihitaji kwa nguzo, basi wana sababu ya kuitunza. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana kituo Maseno, si mbali nanyi, nendeni muulize mbegu.

Na tafuta haja ya watu mapema. Kwetu ilikuwa nyasi na mukombero. Mukombero tumeanza kuupanda mashambani, kwa sababu msituni ulichimbwa mpaka ukawa wa kutafutwa. Wakulima wa Muliru upande wetu huu walionyesha njia zamani: walilima mmea wa dawa mashambani mwao badala ya kuuchuma msituni, wakatengeneza marhamu ya Naturub, na 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Huko kwenu pengine ni nyuki, pengine ni lishe ya mbuzi, pengine ni maji tu. Waulize akina mama wanaopanda mlima na mitungi.

Nyar_Kajulu

Kuna ng'owo mmoja mkubwa karibu na chemchemi, juu ya kanisa. Babu alikuwa akisema mvua inaanzia pale. Nitaomba ruhusa ya kukata matawi mangapi bila kuuumiza?

Kitalu_Malava

Mkubwa kiasi hicho, matawi sita hautayahisi. Kata kwa msumeno, si panga, panga linapasua. Kata mshazari upande wa juu maji yasitue kwenye kidonda cha tawi. Na kumbuka upande uliokuwa chini ndio unaoingia ardhini, wengi wanakosea.

Mfugaji_Khayega

Wekeni na miiba kuzunguka miaka miwili ya kwanza. Mbuzi wanapenda majani ya mkuyu kuliko chumvi.

Mjukuu_wa_Shinyalu

Sikia mfugaji huyo, anajua.

Sasisho kabla sijalala: leo jioni nilipita kwenye kipande. Kwenye musutsu ulioupita mpera, ule wa kwanza kabisa kukhu kutuonyesha, wametua hondohondo wawili. Mti bado mwembamba, ulikuwa unayumba. Hawatazalia hapo, wanahitaji shimo kwenye mti mkubwa ambamo jike anajifungia kwa matope na dume anamletea chakula, na mti wa namna hiyo hatutakuwa nao katika maisha yangu. Lakini walikaa kama dakika kumi. Walipoondoka nilikwenda na tochi ya simu kuangalia chini. Kulikuwa na mbegu tatu kubwa, zimeoshwa safi. Sikuzigusa, nimeweka kijiti chenye kitambaa chekundu pembeni, na Jumamosi nitamwonyesha kukhu anitajie ni za mti gani.

Nyar_Kajulu

Ukishajua tuambie. Mimi Jumamosi naenda kwenye ng'owo na msumeno wa baba.